Alqueire: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kipimo cha Wareno kilichogeuka shamba

Ukikutana na neno alqueire, pengine umelikuta kwenye tangazo la shamba la Brazili, au kwenye Biblia ya Kireno, au kwenye karatasi za zamani za Ureno zinazotaja kodi ya ngano. Ukalitafuta maana, ukapewa majibu matatu yasiyofanana. Hayo majibu yote yanaweza kuwa sahihi. Hapa nimekusanya maswali ambayo watu huuliza zaidi juu ya neno hili, pamoja na machache ambayo naona yangefaa kuulizwa.

Kwa kifupi, alqueire ni nini?

Kwa asili ni kipimo cha ujazo cha Wareno, cha kupimia vitu vikavu: ngano, shayiri, mtama, maharage, chumvi. Chombo chenyewe kilikuwa kisanduku cha mbao, na mwenye ghala, mwenye kinu na mkusanya kodi kila mmoja alikuwa nacho. Leo Ureno bara limebaki neno la wazee na la hati. Brazili bado liko hai kabisa, ila halipimi tena nafaka, linapima ardhi. Ndiyo maana mtu akikuambia "alqueire moja" bila kutaja mahali, hajakuambia kitu.

Linatamkwaje?

Alkeire, mkazo kwenye "kei". Hiyo *qu* ni K tu. Mashambani Brazili utasikia wengi wakisema "alkere". Wingi wake ni alqueires, lakini kwa Kiswahili naliweka kama nomino nyingine za mkopo: alqueire moja, alqueire mbili.

Asili yake ni Kireno kweli?

Ni Kireno kwa makazi, Kiarabu kwa kuzaliwa. Waislamu waliingia rasi ya Iberia mwaka 711. Lisbon ilikuwa mikononi mwao hadi 1147, na Faro, kule kusini kabisa, hadi 1249. Kwa karne zote hizo soko, shamba na mifereji ya maji vilisemwa kwa Kiarabu cha Andalusi, na Wakristo walipotwaa miji walitwaa na vipimo vyake. Alqueire ni *al-kayl*, yaani kipimo, hasa kile cha kujaza chombo, si cha mizani. Wareno waliliazima neno pamoja na ile *al* ya mbele bila kujua kwamba ni kiambishi tu.

Msomaji wa Qur'ani hahitaji kamusi hapo. Mzizi huohuo ndio uliomo katika Surat Al-Mutaffifin, pale wanapotajwa wale ambao wakipimiwa na watu hutaka watimiziwe, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Katika Surat Yusuf nao nduguze Yusuf wanafika Misri wakiomba watimiziwe *kayl*. Neno lile lile lililobeba nafaka ya Misri ndilo lililokuja kubeba ngano ya Ureno.

Nimesoma kwamba maana yake ya kwanza ni mfuko wa kubebeshwa punda. Ni kweli?

Maelezo hayo yamezagaa sana, hasa Brazili: kwamba alqueire ilikuwa mmojawapo wa mifuko miwili iliyoning'inizwa ubavuni mwa mnyama wa mizigo. Kwamba nafaka ilisafirishwa kwa mifuko mgongoni mwa punda na nyumbu, hilo halina ubishi. Lakini mzizi wa Kiarabu unazungumzia kupima, si kubeba, na matumizi ya Wareno wenyewe yanaelekea huko huko. Mimi nayachukua kama maelezo yaliyobuniwa baadaye na watu waliotaka neno liwe na picha.

Alqueire moja ilijaa kiasi gani?

Ya Lisbon ilikuwa takriban lita 13.8. Kwa macho yetu, hiyo ni pungufu kidogo ya robo tatu ya debe la lita 20. Ikiwa ni ngano, ni kilo kumi na ushee, karibu pishi nne.

Ila hiyo ni ya Lisbon. Kamusi za Kireno zenyewe husema alqueire ilikuwa kati ya lita 13 na 22, kutegemea mahali, na kwa kawaida za kaskazini zilikuwa kubwa kuliko za mji mkuu. Ng'ambo ya bahari ilizidi kunenepa: alqueire ya Rio de Janeiro ilikuwa lita 36 hivi, na baadaye wengi wakaihesabu kuwa lita 40.

Ngazi zake ndizo zilizokuwa imara. Alqueire moja ni quarta nne. Alqueire nne ni fanga moja. Fanga 15, yaani alqueire 60, ni moio moja, ambayo kwa kipimo cha Lisbon ni lita 828. Moio ndiyo iliyotumika kwa mizigo mikubwa, kama chumvi ya Setúbal na Aveiro iliyopakiwa melini kwenda Ulaya ya kaskazini.

Ilipimwa kwa mfuto au kwa kichuguu?

Swali zuri kuliko yote, na ndilo lililowagombanisha watu zaidi.

Chombo kikiwa kimoja, bado kuna njia mbili za kukijaza. Kuna ile ya mfuto: nafaka inamiminwa, kisha kijiti kilichonyooka kinapitishwa ukingoni na kinachozidi kinaanguka. Wareno huita kijiti hicho *rasoura*, na kipimo kilichofutwa hivyo huitwa *rasa*. Neno *rasa* lilizoeleka kiasi kwamba baadhi ya maeneo lilikuwa ndilo jina la kipimo chenyewe. Njia ya pili ni ya kichuguu, wao wakisema *cogulo*: unamimina mpaka nafaka inasimama juu ya ukingo na kuanza kumwagika yenyewe.

Tofauti ya hapo si ndogo. Kisanduku kipana na kifupi hubeba kichuguu kikubwa kuliko kirefu chembamba, hata kama ndani vinalingana. Kwa hiyo bwana aliyedai kodi ya alqueire kumi "za kichuguu" alikuwa anachukua zaidi ya kumi, na akibadilisha tu umbo la kisanduku alipata nyongeza bila kugusa mkataba. Hata namna ya kumimina ina siri yake: nafaka ikimwagwa kutoka juu kwa nguvu hushikamana, ikimiminwa taratibu inakaa wazi na chombo kinaonekana kimejaa upesi.

Mkulima wa Njombe au Lushoto aliyeuza viazi kwa lumbesa hana haja ya kufafanuliwa zaidi. Gunia ni lile lile moja, kilichoongezwa ni kile kilemba cha juu, na bei haibadiliki.

Kwa nini serikali haikuweka kipimo kimoja?

Ilijaribu, tena mara nyingi. Mwaka 1361, kwenye baraza la Elvas, mfalme Pedro wa Kwanza aliagiza nafaka ipimwe kwa alqueire ya Santarém na divai kwa kipimo cha Lisbon. Miji haikutii. Mwaka 1575 mfalme Sebastião alitoa sheria akiwa Almeirim ya kuifanya Lisbon kuwa kielelezo cha ujazo kwa nchi nzima, na vikatengenezwa vipimo vya shaba nyeusi vya kupelekwa mijini. Baadhi viko makumbusho hadi leo, vina maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba Sebastião amesawazisha vipimo vya falme zake.

Miaka mitatu baadaye mfalme huyo alipotelea vitani Moroko, na alqueire za mikoani zikaendelea kutofautiana kama kawaida. Wala si ukaidi tu. Mikataba ya kukodi ardhi ilikuwa ya vizazi na vizazi, imeandikwa "alqueire kadhaa za ngano kwa mwaka, kwa kipimo cha mahali hapa". Ukibadilisha kisanduku umebadilisha kodi ya kila kaya. Anayelipa ataogopa kuongezewa, anayelipwa ataogopa kupunguziwa, na wote wawili watakificha kisanduku kipya.

Kuna vipimo vingine vya Wareno vyenye asili hiyo?

Vipo, na baadhi ni ndugu wa maneno unayoyatumia kila siku.

Arroba, kipimo cha uzito cha kilo 14.7 hivi, inatoka kwenye *ar-rub'*, yaani robo, kwa sababu ilikuwa robo ya kintali, kipimo kikubwa cha uzito. Ni robo hii hii yetu. Wafugaji wa Brazili bado huuza ng'ombe kwa arroba, sasa ikiwa kilo 15 kamili, na Wareno huita kwa jina hilo hilo alama ya @ kwenye anwani za barua pepe. Arrátel, ratili ya Wareno, ni *ratl*, na ilikuwa karibu gramu 459.

Halafu kuna almude, kipimo cha divai na mafuta cha lita 16.8 hapo Lisbon. Hii ni *al-mudd*. Sasa *mudd* inayotajwa kwenye fikihi, ile ambayo nne zake hufanya *saa'* moja ya zaka ya fitri, haifiki hata lita moja. Masheikh wa pwani wamezoea kuifasiri kuwa kibaba, na *saa'* kuwa pishi. Kwa hiyo jina la kibaba lilivuka bahari likaenda kukaa kwenye chombo cha zaidi ya pishi tano. Jina lilihama, chombo hakikuhama nalo.

Biblia ya Kireno inasema taa haiwekwi chini ya alqueire. Yesu alijua alqueire?

La. Katika Mathayo 5:15, maandishi ya Kigiriki yanataja *modios*, kipimo cha nafaka cha Warumi cha lita kama 8.7. Kila mfasiri alitafuta chombo ambacho msomaji wake anacho jikoni. Kireno cha tafsiri ya Almeida, ambaye Agano Jipya lake lilichapwa Amsterdam mwaka 1681, kinasema *alqueire*. Kiswahili cha Union Version kinasema watu hawawashi taa na kuiweka "chini ya pishi". Kazi ni ile ile, na kwa maoni yangu yote mawili yametafsiriwa vizuri.

Kuna kichekesho kidogo upande wa Wareno. Neno lao *moio* ndilo mrithi halisi wa *modius* ya Kilatini. Lakini moio ilikuwa imekua mpaka lita mia nane na ushee, na taa ikiwekwa chini ya kitu cha namna hiyo si kufichwa tena, ni kuzikwa. Basi mrithi akaachwa, likachukuliwa neno la Kiarabu.

Ilikuwaje kipimo cha nafaka kikawa kipimo cha ardhi?

Kwa njia ya mbegu. Mkulima asiye na kamba ya kupimia anajua jambo moja kwa hakika: shamba lake linameza mbegu kiasi gani. Akisema "shamba la alqueire mbili", anamaanisha shamba linalopandwa kwa alqueire mbili za mbegu. Baada ya muda neno "mbegu" linadondoka, namba inabaki.

Ushahidi mzuri uko kwenye Azores, visiwa vya Ureno katika bahari ya Atlantiki, ambako alqueire ya ardhi ipo na ni ndogo ajabu: mita za mraba 968 katika visiwa vingi, na karibu 1,393 kisiwani São Miguel. Kwa Mbrazili hicho ni kiwanja cha nyumba. Sasa piga hesabu. Ngano ya kurushwa kwa mkono inataka mbegu nyingi, kilo mia moja au zaidi kwa hekta. Alqueire ya Lisbon ina kilo kumi na kidogo za ngano, ambazo zinatosha takriban moja ya kumi ya hekta, yaani mita za mraba 1,000. Ndiyo 968 hiyo.

Brazili kipimo chenyewe kilikuwa kikubwa, lita 36 hadi 40, na zao lilikuwa mahindi. Mahindi hupandwa kwa shimo, punje chache hapa, hatua moja, punje chache pale. Chombo hicho kimoja kinaweza kupanda hekta mbili na zaidi. Tofauti ya mara 25 kati ya kisiwa cha Azores na shamba la São Paulo haikutokana na uzembe wa mtu.

Baadaye wapima ardhi wakaingia na kuikaza namba kwa *braça*, pima ya Wareno ya mita 2.2, na hapo ndipo alqueire za Brazili zilipopata kingo zilizonyooka.

Alqueire moja ni ekari ngapi?

Inategemea jimbo. Zinazokutwa zaidi ni hizi:

- Alqueire paulista, ya São Paulo na Paraná: braça 50 kwa 100, mita za mraba 24,200. Ni hekta 2.42, karibu ekari 6.
- Alqueire mineiro, ya Minas Gerais, inayotumika pia Goiás na Rio de Janeiro: braça 100 kwa 100, mita za mraba 48,400. Karibu ekari 12.
- Alqueire baiano, ya Bahia: braça 100 kwa 200, mita za mraba 96,800. Karibu ekari 24.
- Alqueire ya kaskazini: braça 75 kwa 75, mita za mraba 27,225. Ekari 6 na robo tatu hivi.

Ipo pia *alqueirão*, alqueire kubwa, ya mita za mraba 193,600. Ukiisikia, hakikisha umesikia vizuri kabla hujatikisa kichwa.

Muuzaji anataja "lita" za ardhi. Anatania?

Hatanii. Ukiichukua alqueire paulista kama chombo cha lita 40, lita moja ya mbegu inapanda sehemu moja ya 40 ya shamba. Gawa 24,200 kwa 40, unapata mita za mraba 605, na hiyo ndiyo *litro* ya ardhi. *Quarta* nayo, robo ya alqueire, ni mita za mraba 6,050. Inapendeza kwamba lita, mtoto wa mfumo wa mita ulioletwa kuiua alqueire, imeishia kuwa kipande cha alqueire.

Mbona hati za kahawa zinataja alqueire ya lita 50?

Hiyo ni nyingine tena. Kwenye mashamba ya kahawa ya São Paulo, wavunaji, wengi wao wahamiaji kutoka Italia na baadaye Japani, walilipwa kwa alqueire ya buni mbichi ya lita 50. Haihusiani na ardhi. Ukisoma karatasi za mashamba hayo, ukurasa mmoja unaweza kuwa na alqueire zote mbili, moja ikihesabu miti iko wapi na nyingine ikihesabu mvunaji anadai nini.

Ilifutwa lini?

Ureno ilipitisha mfumo wa mita kwa amri ya Desemba 1852, chini ya malkia Maria wa Pili, na utekelezaji ukaja hatua kwa hatua. Brazili ilifuata kwa sheria ya tarehe 26 Juni 1862, iliyotoa miaka kumi ya kujiandaa.

Miaka kumi ilipokwisha, mambo yakaharibika. Mwisho wa 1874, katika jimbo la Paraíba, wakulima walivamia masoko siku za gulio, wakazikamata mizani na mawe mapya ya kilo, wakayavunja na kuyatupa. Ghasia zikasambaa hadi Pernambuco, Rio Grande do Norte na Alagoas na kuingia mwaka 1875. Wabrazili huziita *Quebra-Quilos*, Wavunja-Kilo. Kilo hazikuwa kosa pekee: kulikuwa na ushuru wa soko, na sheria mpya ya kuandikisha vijana jeshini. Lakini mtu aliyezoea kuliona pishi lake likijaa mbele ya macho yake, halafu akaambiwa aamini namba iliyochongwa kwenye chuma na mwenye duka, hasira yake naielewa.

Wareno walikaa pwani yetu. Kwa nini hatuna alqueire kwenye Kiswahili?

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498, na Ngome ya Yesu ikawatoka Wareno mwaka 1698. Miaka mia mbili imetuachia meza, bendera, leso na gereza. Ila sokoni nafaka ilikuwa tayari ina pishi na kibaba, na hakuna aliyehitaji kisanduku kingine. Kipimo kimoja cha Wareno kilipenya, tena kwa upande wa kimiminika: pipa. Kwetu ni chombo tu, lakini kwao *pipa* ilikuwa na bado ni hesabu. Bonde la Douro, inakotoka divai ya Porto, mavuno huhesabiwa kwa pipa za lita 550.

Naona takwimu za soya Paraná zinasema "magunia kwa alqueire". Nizisomeje?

Gunia la huko ni kilo 60, na alqueire ni ile ya paulista. Mkulima akisema amevuna magunia 150 kwa alqueire, ni kilo 9,000 kwa hekta 2.42, yaani kilo 3,700 hivi kwa hekta, au kama kilo 1,500 kwa ekari. Hata bei ya ardhi huko mara nyingi hutajwa kwa magunia ya soya kwa alqueire, si kwa fedha.

Nataka kununua au kukodi shamba Brazili. Nifanye nini na neno hili?

Kwenye mazungumzo litumie, maana muuzaji atalitumia na ukikataa mtasumbuana bure. Muulize moja kwa moja: paulista au mineiro? Hasa ukiwa karibu na mpaka wa São Paulo na Minas Gerais, ambako kuvuka barabara tu kunaweza kuzidisha shamba mara mbili kwa mdomo. Kwenye karatasi usilikubali. Hati iandikwe hekta na mita za mraba, na bei uigawe mwenyewe kwa hekta kabla ya kuilinganisha na ya jirani.